Gogo linatoa jasho, mwanzi unamwaga unga: mapambo yangu yanaokoleka?

"Shikamoo mwalimu. Mimi ni mama wa mtoto mmoja wa miaka miwili, naishi Tanga mjini. Tangu mwaka jana natengeneza mapambo ya ukutani kwa vitu ninavyookota: magogo yaliyotupwa na bahari, makombe, mianzi, vibuyu, nyasi kavu na zile mbegu nyekundu zenye doa jeusi, ambazo nazitoboa na kuzitunga kama shanga. Vyote huvianika juani siku tatu, kisha napaka vanishi. Wakati wa kiangazi yalikuwa mazuri sana. Tangu masika yaanze gogo linatoa jasho na kuacha alama nyeupe ukutani, mianzi inamwaga unga kila asubuhi, kibuyu kimeota ukungu na makombe yananuka. Jirani ananiambia nipake mafuta ya taa, mwingine niweke vidonge vya kufukizia mahindi. Fundi mmoja anasema mianzi ilikatwa mwezi mpevu, ndiyo maana. Nimepata oda ya mapambo kumi kutoka nyumba ya wageni Pangani, wanayataka Julai. Moja nimeshampa dada yangu mwenye watoto wadogo. Nitupe vyote nianze upya, au kuna kinachookoleka?"

Marahaba, mwanangu. Vingi vinaokoleka, na tutavipitia kimoja kimoja. Ila kuna jambo lisilosubiri zamu yake. Zile mbegu nyekundu zenye doa jeusi, ambazo wengine huziita macho ya tipitipi, zitoe leo. Mpigie dada yako simu kabla hujamaliza kusoma, naye azitoe kwake.

Ndani ya mbegu hizo mna sumu iitwayo abrini, inayozuia chembe hai za mwili kutengeneza protini. Mbegu nzima ina ganda gumu sana, na mtu akiimeza bila kuitafuna mara nyingi hupita tumboni ikatoka ilivyo. Ndiyo maana utasikia watu wakisema, "sisi tulichezea hizo tangu utotoni, hazina neno." Lakini wewe umezitoboa. Tundu la sindano limeshafungua ganda, na uzi ukikatika shanga zinaangukia sakafuni alipo mtoto. Mtoto akitafuna au kumeza hata moja, mpeleke hospitali papo hapo na ubebe mbegu nyingine kama hiyo umwonyeshe daktari. Usisubiri aanze kutapika, maana dalili zinaweza kuchelewa kwa saa nyingi, hata zaidi ya siku. Usimlazimishe kutapika pia. Na usiseme utaweka nyonyo badala yake kwa kuwa zina madoa mazuri: nazo zina sumu ya jamii hiyohiyo. Ukitaka rangi nyekundu, paka rangi shanga za mti.

Sasa turudi kwenye mengine. Umeandika kana kwamba masika yameharibu kazi yako, au vanishi ilikuwa mbovu. Ninavyosoma mimi, kasoro zote zilikuwepo tangu kiangazi, na mvua imezifichua tu. Kila ulichookota kilikuja na kitu ndani yake: gogo lina chumvi, mwanzi una wanga, kibuyu kina maji, kombe lina mabaki ya nyama. Jua la siku tatu halikutoa hata kimoja katika hivyo vinne, na vanishi ikavifunika. Hata mafundi wetu wa zamani hawakuanza kazi kwa kupaka kitu. Wanawake wa Unguja na Pemba hufukia makumbi ya nazi kwenye tope la pwani kwa miezi kadhaa, yalainike na kuoza kinachooza, ndipo wayaponde wapate usumba. Wasuka mikeka nao huchemsha ukindu wanapoutia rangi. Ni kazi ya kuchosha na haionekani kwenye pambo lililokamilika, lakini ndiyo inayolifanya pambo lidumu.

Tuanze na gogo. Unajua chumvi ya mezani inavyolowa ndani ya kopo wakati wa masika. Chumvi ya kawaida huanza kuvuta maji kutoka hewani unyevu wa hewa ukizidi asilimia 75 hivi, na hewa ya pwani hufika huko kwa urahisi mvua zinaponyesha. Chumvi ya bahari ina zaidi ya hiyo: ndani yake mna kloridi ya magnesi, inayovuta maji hata hewa ikiwa kavu kuliko hapo. Gogo lako lilikaa baharini likajaa chumvi hadi kwenye kiini. Hewa ikilowa, chumvi inakunywa maji na gogo linatoa jasho. Hewa ikikauka, maji yanaondoka na chumvi inaganda juu ya mti na ukutani. Ndizo hizo alama nyeupe. Mzunguko huo ukirudiwa, vanishi inabambuka kwa kusukumwa kutoka chini, na hakuna vanishi ya bei yoyote itakayouzuia.

Dawa yake ni maji matamu, na mvua hii unayoilalamikia inakuletea bure. Weka pipa chini ya mchirizi wa bati. Bambua vanishi kwa msasa, zamisha gogo ukiligandamiza kwa jiwe, na ubadilishe maji kila baada ya siku mbili. Gogo la unene wa mkono hutaka kama wiki mbili hadi tatu, na nene zaidi hutaka zaidi. Usihesabu siku tu, pima. Chukua tone la maji yaliyokaa na gogo kwa siku mbili, liweke juu ya kioo cheusi au kisahani cheusi, na pembeni yake tone la maji matupu ya mvua. Yakikauka yote mawili, linganisha. Tone la gogo likiacha utando mweupe, endelea kubadilisha maji. Na kama unatumia maji ya kisima, yaonje kwanza, kwa kuwa visima vingi vya karibu na bahari vina chumvi yake.

Kisha likaushe kivulini penye upepo, usilianike juani. Jua kali hukausha ngozi ya nje ya mti haraka, ngozi ikasinyaa wakati moyo bado umejaa maji, na hapo ndipo nyufa zinapozaliwa. Utajuaje kama limekauka? Nenda nalo kwenye mizani ya duka kila wiki na uandike uzito. Uzito ukikaa palepale wiki mbili mfululizo, limekauka kadiri hewa ya Tanga inavyoruhusu. Nililipa gharama kulijifunza hili. Niliwahi kumpelekea mteja fremu ya kioo ya mti wa pwani niliyoiona kavu kwa kuigusa tu, na miezi mitatu baadaye ilipasuka ikavunja kioo. Tangu siku hiyo sitoi kitu bila mizani.

Mwanzi ni habari nyingine kabisa, na hapa nataka twende polepole kwa sababu umepewa ushauri mbaya.

Huo unga laini unaoukuta asubuhi ni kazi ya mdudu mdogo anayetoboa vitu vyenye wanga. Ana undugu wa karibu na dumuzi, yule anayemaliza mahindi ghalani, aliyeingia kwetu kutoka Amerika ya Kati na kuanza kuwasumbua wakulima wa Tabora mwishoni mwa miaka ya 1970. Ukiujua undugu huo utaelewa anachokitafuta kwenye mwanzi: ni chakula kilekile. Jike hutaga ndani ya vinyweleo vya mwanzi pale ulipokatwa au kupasuliwa, buu hukua humo gizani akila wanga, na matundu ya upana wa milimita 1 au 2 unayoyaona ni milango ya kutokea waliokomaa. Kwa hiyo vanishi ikipakwa mapema, kabla hajataga, inasaidia kweli, maana inaziba vinyweleo. Ikipakwa buu akiwa ndani haimwui. Anaendelea kula, akikomaa anatoboa vanishi na kutoka.

Kwanza hakikisha unashughulika na mdudu gani. Tandika karatasi nyeusi chini ya pambo usiku. Ukikuta unga laini kama wa ngano, ni huyu. Ukikuta chembe ngumu kama mchanga zisizopondeka kwa vidole, zenye pande sita ukizitazama kwa kioo cha kukuzia, hao ni mchwa wa mbao kavu, wasiohitaji udongo wala vichuguu, na hao wanaweza kuwa wamehamia pia kwenye milango na kenchi za nyumba. Hapo pambo si kitu tena. Mwite fundi anayejua mbao aje akague dari.

Tukichukulia ni wa unga, njia ninayoipenda kwa vipande vifupi ni sufuria. Chemsha vipande kwa muda wa saa moja. Joto linaua mayai na mabuu, na maji yanatoa sehemu ya wanga na sukari. Utaona jinsi yanavyobadilika rangi. Kanuni ya kimataifa ya mbao za kufungashia mizigo inataka moyo wa mbao ufike nyuzi joto 56 kwa dakika 30, na maji yanayochemka yanapita hapo mbali. Vipande vilivyokwisha kugundishwa kwenye pambo visivyoweza kuchemshwa, vifunge ndani ya mfuko wa plastiki usiopitisha hewa na uviweke kwenye friza wiki mbili. Ukivitoa, acha mfuko umefungwa hadi vipate joto la kawaida, la sivyo vitalowa umande. Friza huua wadudu lakini wanga unabaki, kwa hiyo baada ya hapo ziba kila ncha iliyokatwa kwa vanishi au nta.

Ipo pia njia ya boraksi na asidi ya boriki, dawa za unga zenye sumu kwa wadudu, zikichanganywa kufika gramu 50 kwa kila lita ya maji, mwanzi ukalowekwa humo. Inafanya kazi, na mafundi wa mianzi duniani kote wanaitumia. Kwako wewe, mwenye mtoto wa miaka miwili na beseni lilelile la kufulia, sikushauri. Iache mpaka utakapokuwa na mahali pa kazi pa peke yake na vyombo visivyorudi jikoni.

Vidonge vya kufukizia mahindi usiviingize ndani ya nyumba hata siku moja. Vikikutana na unyevu hewani vinatoa gesi ya fosfini, inayopenya chini ya milango na kuua watu waliolala chumba cha pili. Masika, hewa ikiwa imelowa hivi, vinatoa gesi hiyo kwa kasi zaidi. Kama umeshavinunua, usivifungue wala usivitupe chooni au kwenye maji. Mpigie ofisa kilimo wa kata akuelekeze. Mafuta ya taa nayo yanaua wadudu wa juu tu, hayafiki kwa buu aliye ndani, na yanakuachia pambo linalonuka na kushika moto upesi.

Kuhusu mwezi mpevu, simdharau fundi wako, maana wazee wengi wa pwani wanakata miti kwa kuangalia mwezi. Lakini mwanzi wenye wanga utaliwa hata ukikatwa usiku wa giza totoro. Chenye uzito zaidi ni umri. Mwanzi mchanga umejaa maji na sukari; chagua uliotimiza miaka mitatu au zaidi, uliopoteza ule weupe kama poda kwenye ngozi na kuanza kushika madoa. Na ipo desturi ya wazee ninayoisifu bila kusita: ukishaukata, uache umesimama hapohapo kichakani na majani yake wiki kadhaa. Majani yanaendelea kunywa chakula kilichomo ndani ya shina mpaka yakauke. Ukitaka kuthibitisha kwa macho, nunua ayodini duka la dawa, ileile ya somo la sayansi shuleni, na udondoshee kwenye ncha mbichi ya mwanzi. Ikigeuka buluu iliyokoza kuelekea weusi, wanga bado upo.

Kibuyu kisikutie hofu. Kibuyu kizima hukauka kwa miezi, aghalabu mitatu hadi sita, na katika kukauka huko ngozi yake huota ukungu. Huo ni mwenendo wake wa kawaida, mradi kiko mahali penye hewa, nje ya chumba anacholala mtoto. Kosa ni kukipaka vanishi kingali kizito, ukayafungia maji ndani. Kiinue: kikiwa chepesi kama karatasi na mbegu zinacheza ndani ukikitikisa, kipo tayari. Chako, kwa maelezo yako, bado. Kikwangue vanishi, kitoboe tundu dogo chini pasipoonekana, kitundike barazani. Kikianza kubonyea kwa kidole au kutoa maji yenye harufu, kimeoza, kitupe. Siku ya kusafisha ukungu kilowanishe kwanza na uvae barakoa, maana vumbi la kibuyu na ukungu wake linachokoza mapafu vibaya. Safari nyingine vuna pale kikonyo kinapokuwa kimekauka chenyewe.

Makombe yananuka kwa sababu mnyama, au kipande chake, amebaki ndani kabisa kwenye mizunguko ambako kidole hakifiki. Loweka kwenye maji matamu, badilisha kila siku, tikisa, vuta mabaki kwa waya uliopindwa ncha. Rudia mpaka harufu iishe. Jiki iliyozimuliwa inasaidia kwa saa chache, lakini ukiiacha usiku kucha kombe linapoteza mng'aro. Usitumie siki wala ndimu: kombe ni chokaa tupu, na asidi hula chokaa. Na kamwe usichanganye jiki na siki ukidhani utapata nguvu mbili, kwa sababu utapata gesi ya klorini kifuani. Likikauka, tone la mafuta ya mtoto kwenye kitambaa linarudisha rangi vizuri kuliko vanishi.

Hapa nina neno jingine, na nalisema kwa uchungu wa mtu anayeipenda pwani hii. Sehemu ya ufukwe wa Tanga imo ndani ya Hifadhi ya Bahari ya Silikanti, yenye jina la samaki adimu wa kale, iliyoanzishwa mwaka 2009. Kabla ya kuokota makombe ya kuuza, nenda ofisi ya hifadhi au ofisi ya uvuvi ya wilaya, au uanze na BMU, yaani kikundi cha wananchi cha kusimamia ufukwe, cha mtaa wenu, uulize wapi panaruhusiwa na kibali gani kinatakiwa. Matumbawe, gamba la ng'amba na wale chaza wakubwa wa kwenye miamba usiwaguse: biashara yao ya kimataifa inabanwa na CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya wanyama na mimea iliyo hatarini, na mgeni wako wa Pangani anaweza kunyang'anywa uwanja wa ndege akaingia matatani kwa pambo lako. Hata kombe tupu, ligeuze kwanza. Wapo kaa wasio na gamba lao wenyewe wanaohamia makombe yaliyoachwa, na ufukwe ukisafishwa makombe yote wanabaki uchi.

Nyasi ni rahisi. Zikate kabla mbegu hazijakomaa, zitundike kichwa chini kivulini, na uziweke mbali na mshumaa, jiko na balbu ya moto. Lakini uko Tanga, mwanangu, mji uliozungukwa na mkonge tangu mimea ya kwanza ilipopandwa karibu na Pangani mwaka 1893. Singa za mkonge hazina wanga wa kumvutia yule mdudu wa unga, zinashika rangi vizuri, na mgeni wa Pangani atafurahi kuambiwa zimetoka shamba alilolipita njiani. Ningekuwa wewe, nusu ya kazi yangu ingekuwa ya singa.

Ukirudisha mapambo ukutani, gundisha vipande vya kizibo au mti nyuma yake yakae mbali na ukuta kwa sentimita mbili, hewa ipite. Usiyatundike kwenye ukuta unaolowa mvua kwa nje. Na kama mtoto wako anakohoa usiku, anapumua kwa mluzi, au nyumbani kuna mwenye pumu, toa nje leo kila chenye ukungu, na kikohozi kikiendelea mpeleke kituo cha afya umweleze mganga kwamba ndani palikuwa na ukungu. Usimtibu kwa kubahatisha.

Imebaki oda. Gogo ukianza kulilowesha sasa, ukatoa wiki tatu za maji na miezi miwili au zaidi ya kukauka na upepo wa kusi, hilo limefika Septemba. Vibuyu vyako vya sasa huenda vikachelewa kuliko hapo. Kwa hiyo Julai, kwa mapambo kumi ya magogo, haiwezekani kwa uaminifu. Wapigie wenye nyumba ya wageni wiki hii. Waambie Julai utawapa matatu ya singa za mkonge na mianzi iliyochemshwa, na saba yaliyobaki Septemba, na uwaeleze sababu kama nilivyokueleza. Nao wako pwani, kuta zao zinalowa kama zako; wanajua chumvi inavyofanya. Wakikataa kusubiri, warudishie malipo ya awali ya hayo saba, ubaki na matatu.

Gogo la kwanza lizamishe leo, mvua ingalipo.